Warina asali kwenye miti mirefu: wapewe kamba na vyuma vya kupandia, au mizinga ishushwe chini?

Mleta mada

Wakuu, heshima kwenu. Msimu wa asali ukikaribia, ubishi huu unarudi upya kwetu huku kwenye misitu ya miombo ya magharibi mwa Tanzania, kuanzia Sikonge na Urambo hadi Inyonga. Mizinga ya magogo na ya magome bado inatundikwa juu mitini. Mrina anapanda usiku kwa mikono na miguu, kipande cha kamba ya katani kiunoni, mwenge wa moshi mkononi. Kuna wanaotaka vikundi vinunuliwe vifaa vya kupandia kama vya mafundi wa minara ya simu. Kuna wanaosema hizo ni hela za kutupa, mizinga yote ishushwe, yawekwe masanduku ya nyuki kwenye chanja.

Mimi nasimama upande wa kamba, ila si kamba yoyote.

Wengi tunafikiria kamba kwa ajili ya kupanda. Kupanda ndiko rahisi: mtu ana nguvu zake na nyuki wametulia. Shida ni kushuka. Nyuki mmoja akichoma, anaacha harufu inayowaita wenzake mahali pale pale, na mtu aliye mita 12 juu anatakiwa ateremke upesi huku macho yamevimba. Hapo ndipo watu huachia tawi. Kwa hiyo swali langu kwa kila kifaa ni moja: mrina akizidiwa kule juu, mwenzake aliye chini anaweza kumteremsha?

Inawezekana. Kamba inarushwa ipite kwenye panda la tawi zima, upande mmoja mrina anapandia, upande wa pili unafungwa kwenye shina kupitia chuma cha kuteremshia. Akizidiwa, wa chini analegeza taratibu na mtu anashuka. Ila lazima kamba itoshe. Mti wa mita 15 unataka mita 45: 15 za upande wa shina, 15 za upande wa mrina, na 15 za akiba pale chini za kulegezea. Vikundi vinavyonunua mita 30 kwa mti huo vimenunua kamba ya kupandia tu, ya kumwokoa mtu hawana.

Halafu kuna tawi. Kamba ikipita juu ya tawi na kufungwa chini, tawi linabeba karibu mara mbili ya uzito wa mtu. Wa kilo 70 analibebesha tawi mzigo wa kama kilo 140. Tawi kavu halifai hata kidogo. Kabla ya kupanda, watu wawili waining'inie kamba kwa pamoja na kuitikisa.

Nawasilisha. Karibuni tujadili.

Mchangiaji, Sikonge

Mkuu, nakuheshimu, lakini umesahau moto. Mimi narina tangu ujana wangu, nilifundishwa na baba. Mwenge ule unadondosha makaa. Juzi kijana wetu aliletewa kamba ya nailoni, nzuri, nyeupe. Baada ya kurina tuliikunjua asubuhi: mahali kaa lilipogusa, nyuzi zilikuwa zimeyeyuka zikashikana, pamekuwa pagumu, panang'aa, ukipakunja panapasuka. Kidole kinapita juu yake unasikia ganda. Katani ikipata kaa inaungua nyeusi, unaiona, unakata, unaunga. Nailoni inaweza kukudanganya gizani.

Na Wahadzabe kule Ziwa Eyasi wanapanda mibuyu mikubwa kwa vigingi vya miti wanavyogongelea kwenye shina, wanarina, wanashuka. Kamba hawana.

Fundi wa minara, Mwanza

Mzee wangu wa Sikonge, kwenye moto umesema kweli, na ni hoja nzito kuliko ya bei. Ila jibu lake lipo. Wakata miti wanatumia kamba fupi yenye waya wa chuma ndani, wanaizungusha kwenye shina na kuifunga pande mbili za mkanda wa kujifungia mwilini. Mrina akifika kwenye mzinga ajifunge hiyo pia, hapo pamoja na kamba kubwa. Kaa likidondoka au panga likiteleza, bado ameshikwa. Panga linanitisha kuliko moto: nailoni iliyovutwa na uzito wa mtu, ukiigusa na makali tu imekwenda.

Naomba watu waache zile kamba za plastiki za dukani, za buluu au za kijani, ambazo wengine huziita manila. Ni nyepesi na rahisi, lakini jua linazila, na zinayeyuka kwa joto dogo kuliko nailoni. Fungia mbuzi. Ya kupandia ni ile yenye kiini ndani na ganda la kusukwa nje, isiyovutika sana, milimita 11. Kiwango cha Ulaya cha EN 1891, daraja A, kinataka isikatike chini ya 22 kN, yaani mzigo wa takriban kilo 2,200. Lakini kwa kuwa haivutiki, haipunguzi kishindo. Usipande juu ya kamba yako ukaiacha ilegee, maana ukidondoka mita mbili tu mgongo ndio unaopokea.

Karabina nazo, yaani pete za chuma zenye mlango za kuungia kamba. Zile za kubebea funguo hazina namba ya kN, hazibebi roho ya mtu. Ya kweli imechongwa nguvu yake ubavuni na ina mlango wa kufunga. Na kile chuma cha kuteremkia chenye umbo la nane hakijizuii: ukiachia mkono, unakwenda. Weka chini yake fundo la prusiki, kamba nyembamba iliyozungushwa kwenye kamba kubwa. Unalishika kidogo unashuka, ukiliachia linabana. Mtu anayepiga nyuki kwa mikono miwili anahitaji kitu kinachobana chenyewe.

Mfugaji, Kitui

Ndugu zangu wa Tanzania, mnazungumza vizuri, lakini mnamzungumzia mwanamume peke yake. Huku Ukambani, Kenya, mizinga ya magogo ipo mitini miaka yote, na wanawake wengi wamekaa nje ya biashara hii kwa sababu ya kupanda. Mzinga ukiwa kwenye chanja kimo cha kifua, mama anarina mwenyewe. Kikundi chetu tumefanya hivyo, na mizinga michache iliyobaki juu tunaishusha yote kwa kamba na kapi, tunarinia chini. Kwa nini mtu abaki juu ya mti na nyuki wakali kama mzinga unaweza kumfuata?

Mleta mada

Dada wa Kitui, hoja ya wanawake naipokea bila ubishi. Mahali ambapo chanja inawezekana, iwekwe. Lakini msitu wetu si boma. Mizinga iko mbali na nyumba, na nyegere akikuta sanduku kimo cha kifua halali njaa. Kuna moto wa kiangazi unaopita chini kwenye nyasi, kuna wezi. Mzinga wa gogo uliojaa ukiushusha kwa kapi vibaya, masega yanakatika, asali inamwagika, kundi linahama. Kapi naitaka kwa ndoo za masega, iwe na kamba yake mbali na ya mtu.

Mzee wa Sikonge, mbuyu una mti laini, unapokea kigingi. Mninga haupokei hivyo. Kuhusu moto nimekubali: mwenge upandishwe kwa kamba yake, uning'inie chini ya miguu ya mrina, au itumike bomba la moshi lenye kifuniko. Na pale panapong'aa pakatwe, hata kama kamba ni mpya.

Mchangiaji, Sikonge

Bomba la moshi nimelitumia, moshi wake kwa mzinga wa gogo ni mdogo. Mwenge wa kuning'inia tunaweza kujaribu. Lakini niambie nani atafundisha? Ukimpa kijana vyuma vitano asivyovijua, atapanda kwa ujasiri wa vyuma, si wa akili yake.

Mleta mada

Ndiyo maana nasema fedha ya kwanza iende kwenye mafunzo. Chuo cha ufugaji nyuki kipo hapo hapo Tabora, na mafundi wa minara wapo kila mkoa. Mtu asipewe kamba kabla hajamteremsha mwenzake aliyejilegeza kabisa, mchana, bila nyuki, mara nyingi.

Fundi wa minara, Mwanza

Na wafundishwe kuharakisha. Mtu aliyezirai akining'inia kwenye mkanda, damu inakaa miguuni na anaweza kufa ndani ya dakika chache, hata kama nyuki wamemwacha. Kila timu ya kurina iwe na watu wawili chini: mmoja wa kamba ya mtu, mmoja wa ndoo, na yule wa kamba asitoke hapo kwa sababu yoyote.

Mfugaji, Kitui

Watu watatu kwa mzinga mmoja. Basi pigeni hesabu ya mgao wa asali kabla ya kununua kamba, kwa sababu kwa hesabu yangu chanja bado inashinda.