Mahindi au mtama wa malisho, maji ya tangi moja?

Asalaam alaykum. Niko Micheweni, Pemba, ardhi ya maweni, udongo kina shibiri mbili. Kipande ni mita 20 kwa 20, maji lita 5,000 kwa wiki. Baada ya vuli nataka malisho ya ng'ombe wawili wa maziwa. Mahindi yatamudu?

— Waalaykum salaam. Hayamudu. Lita 5,000 hapo ni milimita 12 na nusu kwa wiki. Mahindi yakichanua hutaka kama 5 hadi 7 kwa siku. Yakikosa, nywele huchelewa, chavua humwagika bure, gunzi linatoka mapengo. Mtama hukunja majani, husimama, ukipata maji huendelea. Panda nusu kilo ya mbegu, mistari sentimita 60, kina 3. Maji usigawe sawasawa: shibisha wakati wa kuota, siku ya 30 hivi, na mtama unapobeba mimba, yaani suke likiwa bado ndani ya jani. Makumbi ya nazi tandaza kati ya mistari.

— Nyongeza, na hii ndiyo inayoua: machipukizi ya mtama uliosinyaa kisha ukapata mvua yana sumu ya sianidi. Yakiwa chini ya sentimita 60 usimpe ng'ombe. Akila, hutweta, hutetemeka, huanguka ndani ya dakika chache. Kuyaanika vizuri hupunguza sumu.

— Shukrani. Na ndege wanaokula punje?

— Kata punje zikianza kukaza, bado laini ukizibinya kwa kucha. Bakisha kisiki cha sentimita 15, kitachipua tena.