Ushauri: Nina saili tatu za residensi Marekani, viza imenikaba. Nipange vipi orodha?

DktWaNkuhungu (mwanzisha uzi)

Wakuu, mbukwenyi. Uzi mrefu kidogo, mnivumilie.

Mimi ni daktari, MD nimesoma hapahapa Dodoma, sasa nina mwaka wa tatu hospitali ya wilaya. Nina mume na mtoto wa miaka miwili. Tangu 2022 napambana na USMLE, mitihani ya leseni ya udaktari ya Marekani, ili nikasomee ubingwa kule hospitalini, ndiyo residensi. Step 1 niliifuata Nairobi kwa basi, ikaja Step 2 CK, ikaja OET ya Kiingereza, na cheti cha ECFMG, kinachomruhusu daktari aliyesoma nje ya Marekani kuingia residensi kule, kimetoka mwaka jana. Hela ya kiwanja cha Ihumwa imeishia humo. Shemeji yenu anajua na aliridhia.

Msimu huu nimepata saili tatu, zote magonjwa ya ndani, zote kwa video. Ya mwisho ilikuwa saa tano usiku: juu koti la suti, chini khanga, mtoto nimempeleka kwa jirani asije akalia katikati. Umeme ukakatika swali la pili. Nikamalizia kwa simu nimeiegemeza kwenye chupa ya chai, uso unamulikwa na tochi. Wale wazee hata hawakustuka.

Orodha ya vipaumbele ya Match, yaani mfumo unaowapangia madaktari programu za residensi, inafungwa mwanzoni mwa Machi, majibu Ijumaa ya tatu ya mwezi huohuo. Programu mbili zinapokea J-1 tu, viza ya mafunzo ya kubadilishana. Ya tatu inapokea J-1, na H-1B, viza ya kazi, kwa aliyefaulu Step 3, mtihani wa mwisho wa USMLE, ambao sijafanya. Nasikia J-1 ukimaliza inakurudisha nyumbani miaka miwili na H-1B hairudishi. Niiweke hiyo ya tatu juu, nikimbizane na Step 3? Mume anasema niachane na yote, niombe MMed, ubingwa wa hapahapa UDOM, tuishi kama watu wengine.

ChuraWaMtera

Nimekaa na karanga zangu. Waje wajuzi.

BodaMakulu

Dada, H-1B moja kwa moja. Binamu yangu wa IT yuko nayo, keshaanza mambo ya green card. J-1 ni ya wanafunzi.

ZamuYaUsiku

Mkuu Boda, pole pole. Udaktari si IT.

Dokta, hongera kwanza, saili tatu si mchezo. Niko huku kwa J-1, mwaka wa pili, kwa hiyo nitakwambia ninachokijua. Lakini kabla ya kubishana J-1 na H-1B: pasipoti yako ina viza yoyote ya Marekani ambayo bado hai?

DktWaNkuhungu

Haina. Sijawahi kukanyaga huko.

ZamuYaUsiku

Basi tatizo lako la kwanza silo uliloliuliza.

Tangazo la Trump la Desemba 16, 2025 liliitia Tanzania kwenye kundi la zuio la sehemu, kuanzia Januari 1, 2026. Viza zilizositishwa ni za uhamiaji pamoja na B ya matembezi, F na M za masomo, na J. Wenye viza hai siku hiyo hawakuguswa. Wewe umeguswa. Kuomba unaweza, usaili ubalozini Dar utafanyiwa, ila ili upewe J-1 lazima uingie kwenye msamaha wa mtu mmoja mmoja, ule wa maslahi ya taifa lao. Daktari anayekwenda kuhudumia wagonjwa ana hoja ya kuupigania. Hoja, si haki.

Ukikimbilia H-1B, haimo kwenye zuio hilo, sawa. Lakini tangu Septemba 2025 mwajiri anayemleta mtu mpya kutoka nje kwa H-1B anatakiwa kulipa dola 100,000. Hiyo ni zaidi ya shilingi milioni 200 kwa mtu ambaye hajaandika hata dawa moja. Hospitali za mafunzo hazikusamehewa.

Halafu kuna hili linalochekesha mpaka linauma: Step 3 inafanyika Marekani tu. Kuingia kufanya mtihani unahitaji viza ya B, na B nayo imezuiwa. Kwa hiyo H-1B inataka Step 3, Step 3 inataka B, B hupati. Usiipandishe ile ya tatu kwa ajili ya H-1B. Kama umeipenda kwa mafunzo yake, hiyo habari nyingine, na utakwenda kwa J-1 kama zile mbili.

BodaMakulu

Duh. Nafuta kauli.

MamaWawili_Kondoa

Mume wangu yuko Ohio kwa J-1, mimi na watoto tulikwenda kwa J-2, viza ya familia ya mwenye J-1, kabla ya haya yote. Nikuongezee ya kifamilia, maana wanaume hawayasemi. Mwenye J-2 anaweza kuomba kibali cha kazi, mume wa mwenye H-1B kwa kawaida hawezi mpaka mambo ya green card yafike mbali. Kwa hiyo shemeji asidhani J-1 ni mbaya kila upande. Ila mwenye J-1 haruhusiwi kuchukua zamu za pembeni hospitali nyingine, mnakula mshahara mmoja. Tena karatasi ya udhamini wa J-1 inahuishwa kila mwaka. Mwezi wa sita kwetu hakuna anayelala vizuri.

Mzee_wa_Wodi

Binti yangu, nina swali la kizee. Hiyo miaka miwili unaihesabu kama adhabu kwa nini? Ulipanga kurudi au hukupanga?

Nauliza kwa sababu ili ECFMG wakudhamini J-1 lazima upate barua ya Wizara ya Afya inayosema nchi ina uhitaji wa fani yako, na kwamba wewe umeahidi kwa maandishi kurudi kuifanya kazi hiyo. Wenzio wa Mwanza watapanda basi kuifuata. Wewe ni kupanda daladala ya Mtumba, wizara iliko. Lakini ujue unachosaini.

Na usidhani utajinasua kirahisi. Wengine wenye J-1 hupata barua ya serikali yao isiyo na pingamizi wakasamehewa miaka miwili. Daktari wa residensi hawezi. Njia yake kubwa ni ule mpango wa Conrad: kila jimbo nafasi 30 kwa mwaka, unafanya kazi miaka mitatu mahali palipokosa madaktari. Yaani unakimbia Chamwino unapelekwa Chamwino ya kwao.

ChuraWaMtera

Mzee kapiga palepale 😂

ZamuYaUsiku

Mzee yuko sahihi kuhusu barua. Nikupe kosa langu. ECFMG wana maneno yao kamili, yanatakiwa yawe kama yalivyo. Mimi nikajiona najua Kiingereza, kwenye rasimu niliyopeleka nikarembesha sentensi mbili. Ikagongwa muhuri hivyohivyo, ikarudishwa kutoka Philadelphia, makao ya ECFMG, wiki tatu zikapotea. Nakili neno kwa neno, na jina la fani liwe lilelile la kwenye mkataba.

Kuhusu orodha: Match ni mkataba. Ukipangiwa na usipofika Julai 1, programu inaweza kuomba iachiliwe kwenye mkataba huo imchukue mtu mwingine. Kwa hiyo waandikie wote watatu leo, wazi: mimi ni Mtanzania, sina viza, mtanisubiri? Mtaniandikia barua ya kuunga mkono msamaha? Anayejibu vizuri mweke juu. Asiyejibu, mshushe.

DktWaNkuhungu

Mzee, swali lako limenikosesha usingizi. Ukweli ni kwamba sikuwa nimepanga lolote, nilikuwa naogopa tu kubanwa na ile miaka miwili. Nimeongea na mume usiku. Tumekubaliana fomu ya MMed naijaza dirisha likifunguliwa, na Match naiacha iendelee. Cheti hakiozi kesho, wala mimi.

Barua pepe nimetuma jana. Programu moja imejibu ndani ya saa mbili, yule mratibu kaandika kwamba mwaka jana walimsubiri mtu mpaka Septemba. Hiyo nimeiweka namba moja, ingawa ndiyo yenye baridi kuliko zote. Ya H-1B wamejibu kwamba ada hiyo hawawezi. Iliyobaki kimya.

Mzee, kwa hiyo barua ya Mtumba nisubiri majibu ya Machi au nianze kuulizia sasa?

Mzee_wa_Wodi

Anza sasa. Muhuri wenyewe usubiri mpaka upate mkataba, lakini jua ofisi ni ipi na mezani nani anapokea. Nenda asubuhi, beba nakala mbili za vyeti na kitambulisho cha kazi. Na chai unywe nyumbani.