Tromsø mwezi wa Desemba, niende au nisubiri jua lirudi?

Dada wa Mchinga

Habari zenu wadau, hasa watu wa kusini mliowahi kuishi Norwe. Mdogo wangu wa mwisho anasoma chuo kikuu cha Tromsø, mambo ya samaki na uvuvi, alienda mwaka jana. Mimi niko huku Lindi na shamba langu la korosho, na msimu huu minada ikikaa vizuri nataka ile hela nikamuone dogo, maana mama haishi kuniuliza mtoto anaishije huko. Sasa nafasi ninayo Desemba, mzigo utakuwa umeshapelekwa ghalani na malipo yametoka, ila kila ninayemgusia anashtuka, ooh huko Desemba jua halichomozi kabisa, utakaa gizani kama popo. Na kweli nikimpigia siku hizi sauti yake imepoa, mara amelala mchana, mara saa nane usiku yuko macho anachati. Naombeni wenye uzoefu mniambie ukweli, ni giza totoro saa zote? Baridi yake mtu aliyezaliwa Mchinga anaiweza? Swala mnazipangaje kama jua lenyewe halipo? Au niachane na Desemba niende Juni?

Chuma cha Kusini

Dada nenda Juni. Jamaa yangu alienda Longyearbyen mwezi wa kumi na mbili, anasema saa sita mchana ukitoka nje unaona nyota, na mjini hutoki hovyo kwa ajili ya dubu weupe. Hela ya korosho ina jasho, usiende kuitumia kukaa ndani.

Mtoto wa Mikindani

Chuma, Longyearbyen iko Svalbard, nyuzi 78 kaskazini, visiwani kabisa huko. Tromsø iko nyuzi 69 na ushee, mji wenyewe uko kwenye kisiwa kilichounganishwa na bara kwa daraja, na dubu weupe hakuna. Nimesoma Tromsø kwa hiyo naongea ninachokijua.

Dada, jua kweli halichomozi kuanzia mwisho mwisho wa Novemba mpaka katikati ya Januari, na kwa sababu mji umezungukwa na milima watu wa pale wanahesabu kwamba watalipata Januari 21, siku hiyo wanakula maandazi yao ya jamu na watoto wa shule wanatoka nje kulipokea. Lakini jua kutochomoza sio sawa na giza saa 24. Dunia imeinama, upande wa kaskazini unakuwa umelipa jua kisogo, ila pale Tromsø saa za mchana jua linakuwa chini kidogo tu ya upeo, kama nyuzi tatu, kwa hiyo mwanga wake unapanda. Kuanzia saa tatu na nusu asubuhi mpaka kwenye saa nane mchana unaona njia, unaona milima, unaona sura ya mtu. Ni ule mwanga wa Mikindani pale Magharibi imeshaadhiniwa na mashua bado unaziona majini, ila wa kwao ni wa bluu sana, theluji nayo inakuwa ya bluu, na upande wa kusini anga inapiga rangi ya waridi. Mimi nilikuwa naacha kila kitu saa tano asubuhi naenda kusimama juu ya daraja lile refu la kwenda bara, naona huku mji na taa zake, huku lile kanisa jeupe la pembe tatu, chini maji. Hapo siwezi kukudanganya, sijaona uzuri wa aina ile sehemu nyingine.

Halafu baridi. Watu wanadhani kwa kuwa iko juu ya mstari wa Aktiki basi ni hasi arobaini. Hapana, kuna mkondo wa maji ya vuguvugu unatoka Atlantiki unapita pwani yote ile, bahari haigandi, meli za uvuvi zinatoka na kuingia mwaka mzima. Mara nyingi inacheza kati ya sifuri na hasi kumi. Baridi ya kutisha iko ndani kule mipakani na Finland. Kitakachokusumbua ni barafu ya chini, theluji inayeyuka kidogo halafu inaganda tena, barabara inakuwa kioo, unateleza unavunjika kiuno. Mwambie dogo akununulie vile vyuma vya meno vya kuvalisha chini ya kiatu, wazee wote wa pale wanavaa, wala usione aibu.

Ile mianga ya kijani angani nayo usiikose, inatokana na chembechembe za jua zinazogonga hewa huko juu, kijani ni ya oksijeni. Ila inataka anga safi, na Tromsø mawingu ni mengi, unaweza kulala wiki nzima usione kitu. Mji ukifunga mawingu, watu wanaingia ndani upande wa Skibotn ambako mvua na theluji ni chache. Kama hela ya gari la watalii ni kubwa, panda na dogo mpaka ziwa Prestvannet juu ya kisiwa, ni miguu tu kutoka mjini, simu weka mfuko wa ndani maana chaji inakata ghafla kwenye baridi.

Swala: wapo Waislamu na msikiti upo. Wanachuoni wametoa njia mbili, kufuata nyakati za Makka au za mji wa karibu ambao usiku na mchana vinajulikana. Muulize dogo wenzake wanatumia ratiba gani, ufuate hiyo hiyo.

Nesi Mtwara

Mimi nimesoma hapo kwenye sauti kupoa nikasimama. Dada, mwili unajua muda kwa mwanga wa asubuhi, mwanga ukikosekana usingizi unahama, mtu anachoka, hamu ya kula inabadilika, wengine wanaanguka kabisa moyo. Wenyeji wamezaliwa nayo na bado wanahangaika, sembuse mtoto wa Lindi. Mwambie atoke nje kila siku ule muda wa mwanga hata kama ana usingizi, aamke saa ile ile kila siku, na pale wanauza taa maalumu za mwanga mkali za kukaa nazo asubuhi. Halafu vitamini D. Ngozi yetu nyeusi inahitaji jua jingi zaidi kuitengeneza na huko jua halipo, wenyeji wenyewe wanakunywa mafuta ya ini la samaki toka utotoni. Anywe na yeye, na kama huzuni inazidi aende kwa daktari wa chuo asikae kimya. Mimi ningekuwa wewe ningeenda Desemba hiyo hiyo. Juni jua halizami, atakuwa anacheza mpira usiku, hatakuhitaji. Desemba ndio mwezi wa mtu wa kwao kugonga mlango.

Wakala wa Shangani

Niongeze kwenye viza maana ndipo wengi wanakwama. Norwe iko Schengen, yaani zile nchi za Ulaya zenye viza moja, ada ni euro 90, bima ya safari isipungue euro 30,000, barua ya mwaliko ya dogo na uthibitisho kuwa ni mwanafunzi. Unaruhusiwa kuomba miezi sita kabla, usisubiri malipo ya mnada ndio uanze. Na hapa sikiliza vizuri: hela ya korosho inaingia benki kwa mkupuo, akiiona afisa anadhani umekopeshwa ujaze akaunti. Ambatanisha stakabadhi za chama chako cha msingi zenye kilo na bei, za msimu huu na uliopita, na karatasi za shamba, ndio zitamwonyesha kuwa una cha kurudia.

Dada wa Mchinga

Mungu awabariki. Nesi umenitoa machozi, nimeshampigia, kumbe hajatoka nje tangu juzi. Nimemwambia naenda, amekaa kimya halafu akaniuliza nitamletea korosho za kukaanga na mchele wa huku. Swali la mwisho, mimi navaa baibui, huko inakuwaje?

Mtoto wa Mikindani

Baibui la kuburuza litalowa theluji na kuganda pindo, fupisha liishie juu ya kifundo, ndani vaa suruali na fulana ya sufu iliyobana, sio pamba, pamba ikishika jasho inakugandisha. Koti zito usinunue kule, bei zake zinaua, pitia mitumba ya Karume ukifika Dar, makoti ya baridi yapo na hayana wanunuzi. Kofia ya sufu inakaa juu ya mtandio vizuri tu. Na ushone kitambaa cha kung'aa mgongoni na mkononi, gizani madereva wanakuona mapema. Korosho za kukaanga beba, nyama na maziwa acha, kutoka nje ya Ulaya haviruhusiwi.