Ulinganisho: mkono wa monita wa springi, wa gesi au wa mlingoti kwa ofisi inayogeuza skrini kutwa nzima

Mchora_Ramani (Tanga)

Salaam kwenu wakuu. Ofisini kwetu tunachora ramani za nyumba, na kila mteja anapoketi upande wa pili wa meza tunalazimika kumgeuzia skrini ili auone mchoro wake, kisha tunairudisha upande wetu, na akija mwingine tunaanza upya. Stendi iliyokuja na monita imelegea shingoni na sasa skrini inainama yenyewe. Nimeamua kununua mkono wa kufunga mezani, na nimebakiwa na mitatu ya kuchagua: Ergotron LX, ambao bei yake inanitisha, North Bayou F80 wa gesi, ambao wauzaji wengi wa hapa nchini wanao, na ule wa mlingoti usio na springi wala gesi, ambao fundi wetu wa kompyuta anausifu sana. Ninachotafuta ni uimara. Ni upi utakaostahimili kugeuzwa mara kwa mara? Ningependa kulipia kabla ya mwisho wa wiki.

Zungusha_Nati

Mkuu, kwa maelezo hayo hakuna anayeweza kukujibu kwa haki. Monita ina uzito gani bila stendi yake? Ni ya inchi ngapi, na uso wake ni bapa au umepinda? Mgongoni ina matundu manne ya kufungia mkono, ya kile kipimo cha kawaida kinachoitwa VESA, na yameachana milimita 75 au 100? Meza ni ya mbao gani, ina unene gani, na nyuma yake kuna ukuta au nafasi? Tena, na hili ndilo kubwa, unapomgeuzia mteja skrini unaizungusha tu, au unaipandisha na kuishusha pia?

Bi_Hesabu (Nairobi)

Nunua Ergotron LX, ndugu yangu, ukalale usingizi. Ndani yake mna springi ya chuma, hamna gesi, kwa hiyo hakuna kitu cha kuvuja. Unabeba monita za kilo 3.2 hadi 11.3, unapanda na kushuka kwa takriban sentimita 33, na kwa miaka mingi umeuzwa ukiwa na dhamana ya miaka 10. Kampuni haiwezi kutoa dhamana ya namna hiyo kwa kifaa inachojua kwamba kitarudishwa. Ofisini kwetu ipo kadhaa, na wahasibu hawana mkono mwepesi.

Kijana_wa_Kijitonyama

Dhamana ya miaka 10 ni tamu kuisikia, dada yangu, lakini mtu wa Tanga ataidai wapi? Kuusafirisha mkono wenye uzito ule kwenda na kurudi kunaweza kumgharimu karibu bei ya mkono mwingine wa gesi. Mimi ninatumia F80. Sanduku lake linasema unabeba kilo 2 hadi 9, monita yangu imo katikati ya kipimo hicho, na ninaisogeza kwa kidole. Ukiharibika nitanunua mwingine siku hiyo hiyo bila kumwandikia mtu barua. Uimara wa kifaa ni pamoja na urahisi wa kukipata tena.

Bi_Hesabu (Nairobi)

Huo si uimara, huo ni ununuzi wa mara kwa mara uliopewa jina zuri.

Daktari_wa_Meno (Mombasa)

Niruhusuni nieleze kwa urefu, kwa sababu matumizi yangu yanakaribiana na ya mwuliza swali. Katika chumba changu cha matibabu skrini husogezwa kila mgonjwa anapoingia: inakuwa mbele yangu kwanza, kisha inavutwa juu ya kiti ili mgonjwa aone picha ya eksirei ya jino lake, kisha inasukumwa kando nipate nafasi ya kufanya kazi. Nilifungiwa mkono wa gesi wa kampuni ambayo sitaitaja, na mwanzoni ulikuwa mwepesi ajabu. Baada ya muda skrini ikaanza kushuka yenyewe polepole, tukawa tunakaza skrubu ya kurekebishia nguvu kila tulipoona imeshuka, hadi skrubu ikafika mwisho wake na hakukuwa tena na cha kukaza. Fundi alipofungua kifuniko alikuta mafuta yamevuja kwenye fito ya pistoni, maana yake sili, ule mpira unaozuia gesi isitoke, ilikuwa imechoka na gesi ilikuwa ikitoka kidogo kidogo.

Hata hivyo gesi haikuwa ya kwanza kunisumbua. Kabla ya hapo kiwiko, yaani kile kiungo kinachoshikanisha kipande cha kwanza cha mkono na cha pili, kilikuwa kimekwisha kulegea. Washa, yaani pete nyembamba ya plastiki iliyomo ndani, ilisagika ikawa unga mweupe, chuma kikawa kinakwaruza alumini, na kila nilipoigusa skrini ilitikisika kwa muda kabla ya kutulia, jambo lisilovumilika unapomwonyesha mgonjwa ufa mwembamba kwenye jino. Waya wa HDMI nao ulikuwa umebanwa ndani ya kifuniko pale pale kwenye kiwiko, ukawa unakunjwa mahali pamoja kila siku, na picha ikaanza kukatika. Skrubu za kibano kinachoushikilia mkono zilishika kutu, ila hilo sisi watu wa pwani tumelizoea.

Siku ya kuushusha, fundi alifungua skrubu nne za nyuma ya skrini wakati mkono umekandamizwa chini. Uzito ulipoondoka, mkono uliruka juu ukaipiga taa ya kiti cha mgonjwa. Gesi iliyobaki ilikuwa haba kuibeba monita, lakini ilitosha kuvunja taa. Kwa hiyo yeyote atakayeondoa monita, aina yoyote ya mkono unaojiinua, aupandishe hadi mwisho wa juu kwanza, ndipo afungue.

Kijana_wa_Kijitonyama

Pole sana, daktari. Lakini huo ni mkono wa kampuni moja isiyotajwa, nasi hatuwezi kuihukumu gesi yote kwa ushahidi wake.

Bi_Hesabu (Nairobi)

Kampuni haina maana hapa. Gesi na joto la Mombasa haviwezi kupatana. Gesi ikipata joto hupanuka, shinikizo hupanda, sili hupasuka.

Zungusha_Nati

Tusiisingizie hali ya hewa, dada. Ndani ya silinda ile mna naitrojeni iliyoshindiliwa, na shinikizo lake hupanda kwa kadiri ya asilimia 3 hivi joto linapoongezeka kwa nyuzi 10. Hicho ni kiasi kidogo; utakihisi labda kama skrini nyepesi kuliko ya jana asubuhi, na joto haliwezi kuwa ndilo lililoipasua sili. Kifaa hicho ni cha jamii moja na shokapu zinazoinua mlango wa nyuma wa gari, nazo hushinda juani miaka na miaka. Sili hufa kwa kusuguliwa na kwa uzee.

Lakini daktari amegusa jambo ambalo sisi wengine tumelipita. Springi na gesi zina kazi moja tu, kubeba uzito wakati skrini inapanda na kushuka. Ukiizungusha kushoto na kulia hazifanyi kazi yoyote, na kinachosuguana ni viungo: cha chini kwenye kibano, kiwiko, na shingo iliyo nyuma ya skrini. Kama mwuliza swali anazungusha tu, basi tumebishana kuhusu sehemu ambayo haitaguswa, na anachopaswa kukagua ni kilichomo ndani ya viungo. Je, ni bushi nene au ni washa nyembamba ya plastiki? Kuna skrubu ya kukazia kiungo kikilegea, na inafikika bila kubomoa mkono wote? Hapo ndipo mlingoti unapopata nguvu, kwa kuwa mikono mingi ya aina hiyo ina viungo vichache, na pete inayoushika mkono kwenye mlingoti kwa urefu unaoutaka hukazwa mara moja ikaachwa.

Mchora_Ramani (Tanga)

Nashukuru kwa maswali yenu, na niwie radhi kwa kuchelewa kurudi. Monita ni ya inchi 27, bapa. Matundu manne yapo, nimeyapima kwa rula, ni milimita 100 kila upande. Uzito siujui, kwa kuwa kibandiko cha nyuma kinataja umeme tu. Meza ni ya mninga, tulichongewa na seremala wa hapa hapa, na nyuma yake hakuna ukuta, ndiko wateja wanakokaa. Kwa kawaida tunazungusha tu, ingawa mwenzangu wa zamu ya mchana ni mfupi kuliko mimi na huipenda skrini iwe chini.

Zungusha_Nati

Panda mizani ya kawaida ukiwa mtupu mikononi, kisha upande tena ukiwa umeibeba monita isiyo na stendi, utoe uzito wa kwanza kwenye wa pili. Nyingi za inchi 27 huangukia kati ya kilo 3 na 6, lakini usinunue kwa kubahatisha, kwa sababu mkono unaojiinua hufanya kazi vizuri uzito ukiwa ndani ya kipimo chake, usiwe kwenye ukingo wa juu wala wa chini. Monita nyepesi mno hugoma kushuka, na watu husema mkono ni mbovu.

Kuhusu mwenzako mfupi, kama ni kubadilisha urefu mara moja kwa siku zamu inapogeuka, mlingoti bado unawafaa: legeza pete, shusha, kaza. Mkishindwa kuvumilia hilo, rudini kwenye springi.

Bi_Hesabu (Nairobi)

Hawatavumilia. Wiki ya kwanza watalegeza na kukaza, wiki ya pili mfupi atanyoosha shingo na mrefu atainama, na mlingoti utabaki ulipo. Kifaa kinachohitaji bisibisi ili kisogezwe hakisogezwi.

Mpenda_Skrini_Mbili

Naomba niulize kwa heshima: kwa nini mgeuze skrini kabisa? Nunueni monita ya pili ndogo, iwekwe imtazame mteja, na kompyuta ionyeshe picha ile ile pande zote mbili. Hakuna kiungo kitakachochakaa. Bei ya mkono mzuri inakaribia bei ya monita iliyotumika.

Mchora_Ramani (Tanga)

Tuliwahi kulifikiria hilo. Shida ni kwamba mteja akiona kila kitu tunachofungua, anaona pia ramani za watu wengine na hesabu zetu za gharama. Zaidi ya hayo, tunapogeuza skrini tunakaa naye pamoja, ananyoosha kidole mahali anapotaka dirisha, nami ninaona anapoonyesha. Akiwa na skrini yake, ananyooshea kidole kitu ambacho mimi sikioni.

Mpenda_Skrini_Mbili

Kompyuta inaweza kupangwa ili skrini ya pili ionyeshe dirisha la mchoro peke yake, kwa hiyo hoja ya siri ina dawa. Hoja ya kidole sina jibu lake.

Seremala_Mjukuu (Moshi)

Mimi nina wasiwasi na meza kuliko mkono. Ili mteja wa upande wa pili aone vizuri, mkono utanyooshwa hadi mwisho, yaani kama sentimita 60 kutoka kwenye kibano. Kilo 6 zikining'inia umbali huo zinaipinda meza kwa nguvu nyingi kuliko watu wanavyodhani, na nguvu hiyo itageuka upande kila skrini inapozunguka. Mbao za mninga hazina neno. Lakini meza nyingi tunazochonga zina fremu chini ya ukingo, na kibano kinahitaji sehemu tambarare ya kushika juu na chini. Tia mkono chini ya meza uone fremu imeanzia wapi.

Mchora_Ramani (Tanga)

Fremu ipo, na imeanzia karibu kabisa na ukingo. Kibano hakitaingia.

Seremala_Mjukuu (Moshi)

Basi utatoboa. Mikono mingi huja na bolti ya kupitisha kwenye tundu la meza pamoja na bamba la kukazia kwa chini, na kwa kugeuza kwingi hiyo ni bora kuliko kibano, kwa kuwa haitelezi. Toboa ndani ya fremu, mbali na kiungo cha mbao, na uongeze bamba la chuma pana kwa chini ili nati isiendelee kuzama kwenye mbao. Fundi yeyote wa kuchomelea atakukatia.

Daktari_wa_Meno (Mombasa)

Na waya usiubane wote ndani ya vifuniko. Acha kitanzi kikubwa cha kutosha kwenye kila kiungo, kisha uzungushe mkono hadi mwisho wa pande zote mbili uone kama unavutika, kabla hujafunga skrini. Kama mkono una kizuizi cha kuuzuia usizunguke duara kamili, kiweke.

Kijana_wa_Kijitonyama

Kwa hiyo anunue upi?

Bi_Hesabu (Nairobi)

LX. Nimeshasema.

Zungusha_Nati

Apime monita kwanza, kisha aende dukani akaushike mkono uliofungwa, autikise kwenye kiwiko. Kama mwenye duka hana uliofungwa, amwombe afunge mmoja.

Mchora_Ramani (Tanga)

Mizani nitaazima zahanati iliyo jirani kesho. Kuhusu kutoboa meza, itabidi nimwulize mwenzangu, kwa sababu meza ni ya kwake.

Mgeni_Kigamboni

Samahani kwa kuingilia. Mimi nina monita iliyopinda ya inchi 34. F80 utaibeba?

Zungusha_Nati

Ina uzito gani bila stendi?