Majina ya vitufe kwenye mwongozo: herufi nzito, alama za nukuu au herufi kubwa?

Mtunzi_Dom: Wadau, naandaa mwongozo wa programu ya hesabu kwa watunza hazina wa vikundi vya kuweka na kukopa. Programu ni ya Kiswahili, na vitufe vyake karibu vyote ni vitenzi. Nikiandika "chagua Hifadhi kisha Endelea", msomaji ataelewa Endelea ni kitufe, au nimemwambia aendelee na kazi? Mnatofautishaje?

Kipanga77: Herufi nzito, mkuu. Miongozo ya uandishi ya Microsoft na Google yote inataka hivyo. Bofya Hifadhi, kisha Endelea. Njia ya menyu iwekee alama ya >, kama Faili > Chapisha.

MamaKodi: Nukuu usiziguse. Nilifundisha kwa karatasi iliyosema: andika "karani1". Dada mmoja aliandika na nukuu zake, mfumo ukamkatalia mara tatu. Hakukosea yeye, karatasi ndiyo iliyomponza. Herufi kubwa nazo zina balaa lake: mtu ataandika nenosiri lote kwa herufi kubwa.

Fundi_Linux: Cha kuandikwa na mtumiaji kiwekee fonti ya taipureta, mfano Consolas, ili l isifanane na 1 wala O na 0. Kwenye kurasa za man za Unix (maelezo ya amri yanayokuja na mfumo huo wa kompyuta), neno la kuandikwa kama lilivyo huwa zito, na la kubadilishwa huwa la italiki. Kwenye amri usizungushie neno hilo alama za < >. Mtu akizinakili, shell (programu inayopokea amri) inadhani anaelekeza data kwenye faili au kutoka kwenye faili. Na kama unatumia Word, zima ubadilishaji wa nukuu kuwa za kupinda, maana amri ikinakiliwa nazo inagoma.

Kipanga77: Hilo la Word limeshanila nusu siku.

Bi_Rehema: Mimi nasoma kwa programu ya kusoma skrini. Kwa kawaida hainitajii herufi nzito, nasikia tu "bofya Hifadhi kisha Endelea", utata uleule. Tafadhali taja na kitu chenyewe: bofya kitufe cha Endelea.

Mtunzi_Dom: Bi Rehema, hilo sikuliwaza kabisa, ahsante sana. Litawafaa na wanaosoma kwenye fotokopi iliyofifia. Nimeanza na ukurasa wa kuweka akiba: "Bofya kitufe cha Hifadhi. Ujumbe ukitokea, bofya kitufe cha Endelea." Italiki nimeiacha kwa maneno ya kubadilishwa tu, kama *namba ya mwanachama*.