Kuanza kupiga udi na miaka 47: naombeni ushauri (Langoni, Lamu)

Mwanalangoni: Assalaam alaykum. Nina udi mkuukuu wa nyuzi 11, urefu wa uzi sm 61. Sina nia ya kupiga harusini, ni starehe ya nyumbani baada ya isha. Mkono wa umri huu bado hufunzika? Mbona vigingi vya kukazia nyuzi havishiki? Na majirani je, nyumba zetu zimebanana?

Fundi_Mkunguni: Wa alaykum salaam. Tuanze na vigingi, kwa sababu udi usiolingana utakufanya ujione wewe ndiye mbovu. Masika mti hunywa unyevu ukafura, kigingi kikakwama. Ukija ukavu wa kaskazi, kinateleza. Kitoe. Kikiteleza, kipake chaki nyeupe pale kinapogusa tundu. Kikikwama, kisugulie sabuni kavu. Mafuta hapana, kabisa! Ukikaza, sukuma kigingi ndani huku ukizungusha. Uzi nao ujizungushe kuelekea upande mnene wa kigingi, ndipo mvuto wake ukivute ndani.

Sauti za nyuzi, kutoka nene kwenda nyembamba: do, fa, la, re, sol, do. Ile nene ni moja, nyingine ni jozi. Ukipita juu ya sauti, legeza hadi chini yake kisha upande tena. Ukiishia kwa kulegeza, itashuka yenyewe baada ya dakika chache. Nailoni mpya huvutika siku kadhaa, usiilaumu. Zile nyuzi zilizoviringiwa waya huliwa na chumvi: zifute kwa kitambaa kikavu cha pamba kila ukimaliza.

Bi_Risha: Mkono hufunzika, ndugu yangu, polepole kuliko wa mtoto. Ila sikio lako limesikia taarabu miaka yote hiyo, na hilo mtoto hana. Wewe nyimbo unazijua tayari, kazi ni kuzitafutia mahali pake kwenye uzi.

Udi hauna vipande vya kukuonyesha pa kubonyeza, basi tumia rula siku za mwanzo. Kidole cha kwanza kwenye uzi wa re, sm 6.8 kutoka juu shingoni, ni mi. Sm 15 na kidogo, robo ya uzi, ni sol: ilinganishe na uzi wa sol ulio wazi. Zikigombana, sogeza kidole, usiguse kigingi. Kwenye maqamu (mpangilio wa sauti) ya rasti ile mi hushuka hadi kama sm 5. Programu ya simu itakwambia umekosea. Katika hilo usiisikize.

Dakika 20 kila siku, na si saa mbili Ijumaa peke yake. Tano kulinganisha, tano nyuzi wazi kwa mapigo 60 kwa dakika, zilizobaki kipande kimoja tu cha wimbo. Rekodi za Zein l'Abdin, mpiga udi mzaliwa wa hapo hapo Lamu, zipunguzie kasi simuni hadi 0.75, ufuate sentensi moja moja. Ncha za vidole kuuma ni kawaida. Kiwiko au kifundo kikiuma, acha siku hiyo: unabana mno.

Risha, kile kipande cha kupigia nyuzi, ikate kwenye utepe mpana wa plastiki wa kufungia nyaya, sm 10 hadi 12, ncha uipige msasa iwe duara. Ukingo mkali hula waya. Ngumi ilegee, kiende kifundo cha mkono wala si bega.

Shela_Kaskazi: Majirani: kunja kitambaa chembamba ukipitishe chini ya nyuzi karibu na daraja, kile kibao zinapofungwa nyuzi. Sauti hufa nusu, na mkono unafanya kazi ile ile. Usikae kiwandani, yaani uani, huko sauti hupanda juu na kuingia kwa kila mtu.

Mwanatari: Mimi nampinga Bi Risha kidogo. Peke yako na udi utachoka mapema. Tafuta wenzako wawili, mmoja ashike dumbaki, nawe uanze na tari mpaka mapigo yakukae mwilini. Faida kubwa ya muziki kwa mtu mzima ni huko kusikizana, na mdundo hukupa nafasi ya kuingia barazani hata kabla hujajua maqamu moja.

Bi_Risha: Hapo sina ubishi, Mwanatari. Ila ngozi ya tari ikilegea kwa unyevu mtaipasha juani au karibu na makaa, na udi usilazwe hapo kando. Gundi yake ikipata joto hulainika, daraja likang'oka na nyuzi zote.

Mwanalangoni: Ahsanteni. Chaki ninayo, nakwenda kuvitoa vigingi.

Fundi_Mkunguni: Kimoja kimoja! Ukivilegeza vyote pamoja uso wa udi hupoteza mzigo wote ghafla, na utashinda wiki nzima ukilinganisha.