Serikali ilipokea ushuru wangu, sasa inaniambia hati yangu haina mzizi

Ndugu zangu, naandika nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha. Nilifanya kazi ya umeme mjini Muscat kwa miaka 9, nikarudi Mombasa na akiba niliyokusudia kujengea vyumba vya kupangisha ili nisilazimike kurudi tena ughaibuni. Mwaka 2019 nilinunua nusu ekari katika kaunti moja ya hapa Pwani. Leo ninayo hati yenye jina langu, mhuri wa serikali na sahihi ya msajili, lakini siruhusiwi kuchimba hata msingi wa choo.

Wapo watakaokimbilia kusema kwamba sikufanya uchunguzi. Nilifanya. Nilipekua rekodi za ardhi mara mbili, kwanza kabla ya kutoa amana na tena kabla ya kukamilisha malipo, na kila mara nilipewa cheti kilichosema kwamba muuzaji ndiye mmiliki na kwamba hapakuwa na rehani wala zuio. Mpimaji alinionyesha bikoni zote nne, yaani alama za mipaka. Kwa kuwa ni ardhi ya kilimo, tulihitaji kibali cha bodi ya kudhibiti ardhi, na sheria inasema kwamba ombi lisipopelekwa ndani ya miezi 6 tangu makubaliano kufanywa, mauzo hayo ni batili. Sisi tulipeleka letu katika wiki ya tatu, tukavumilia vikao viwili vilivyoahirishwa, tukahojiwa, tukapewa kibali. Mthamini wa serikali alikuja akaikadiria ardhi kwa bei ya juu kuliko niliyolipa, nami nikalipa ushuru wa stempu, ule wa kuhamisha umiliki, wa asilimia 2 kwa hesabu yake yeye, maana eneo liko nje ya mji. Ndani ya mji ningelipa asilimia 4. Hakuna hata hatua moja kati ya hizo iliyopita bila ofisi ya serikali kuijua na kutoa risiti.

Kisha ikaja safari ya kubadilisha matumizi ya ardhi kutoka kilimo hadi makazi: tangazo gazetini, tangazo jingine kwenye bango palepale shambani, ripoti ya mtaalamu wa mipango miji, ada za kaunti, na miezi 14 ya kuambiwa faili iko mezani kwa mtu aliye likizo. Hayo niliyachukulia kuwa gharama ya kujenga nchini kwetu. Nilipopeleka michoro ya jengo mwaka 2023 ndipo nilipoletewa barua ya ukurasa mmoja, ikisema kwamba ploti yangu ni sehemu ya ardhi iliyotengewa shule wakati eneo lilipopimwa, na kwamba mgao wa kwanza, yaani pale ardhi hiyo ilipotolewa kwa mtu binafsi miaka ya 1990, ulikiuka taratibu. Wakati huo mimi nilikuwa mwanafunzi wa shule ya msingi. Barua haikusema ni afisa gani aliyegawa, wala kwa nini ofisi iliyokuwa na habari hiyo haikuiandika kwenye daftari la ardhi ambalo mimi nililipia kulipekua.

Anayefuatilia mambo ya ardhi Kenya anajua uamuzi wa Mahakama ya Juu wa tarehe 21 Aprili 2023 katika kesi ya kampuni ya Dina Management dhidi ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa. Ile ilikuwa ploti ya ufukweni Nyali, nafasi ya wazi ya umma ambayo Rais wa zamani Daniel arap Moi aligawiwa mwaka 1989, ikauzwa, ikauzwa tena, hadi kaunti ilipobomoa ukuta mwaka 2017 ili kufungua njia ya kwenda baharini. Mahakama ilisema kwamba hati pekee haitoshi ikiwa mgao wa mwanzo haukufuata sheria, na kwamba mnunuzi hawezi kujikinga kwa kusema alinunua kwa nia njema.

Naomba nieleweke vizuri hapa. Siupingi uamuzi huo. Nimekulia Mombasa, nimeona njia za kwenda pwani zikizibwa kwa kuta moja baada ya nyingine, na nimesoma katika shule iliyokuwa na uwanja mdogo kuliko ua wa jirani yake. Kama ardhi ni ya watoto, warudishiwe watoto. Ninachopinga kwa nguvu zangu zote ni kwamba hasara nzima imeangushwa kwa mtu wa mwisho mlangoni. Aliyegawa alipata faida yake, muuzaji amekwenda na fedha zangu, dalali alichukua fungu lake, serikali ilichukua ushuru wa stempu na ada za upekuzi kwa hati ileile ambayo sasa inaikana, na hakuna hata mmoja wao anayeulizwa arudishe shilingi.

Tena sheria yenyewe haikuacha pengo. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012, katika kifungu cha 81, inampa haki ya fidia mtu aliyeumia kwa sababu daftari limerekebishwa au kwa sababu nakala ya daftari aliyothibitishiwa ilikuwa na kosa, mradi hasara haikutokana na udanganyifu au uzembe wake mwenyewe. Nimeandika barua tatu nikitaja kifungu hicho. Ya kwanza haikujibiwa. Ya pili ilijibiwa kwamba daftari langu bado halijarekebishwa, hivyo hakuna hasara. Yaani nizuiwe kujenga kwa sababu hati ni mbovu, kisha ninyimwe fidia kwa sababu hati bado ni nzima! Ya tatu ina miezi 5 sasa.

Wakili wangu ananishauri niende Mahakama ya Mazingira na Ardhi, na ada aliyonitajia ni karibu robo ya bei ya ploti. Nitakwenda. Kabla ya hapo nina ombi kwa yeyote humu aliyewahi kudai fidia chini ya kifungu cha 81: ulishtaki nani, ulianza kwa kuomba daftari lirekebishwe au kwa kudai fedha moja kwa moja, na je, ulilipwa? Na aliye katika hatua ya kununua sasa hivi, tafadhali usitosheke na cheti cha upekuzi. Dai kuonyeshwa barua ya mgao wa kwanza na ramani ya mipango iliyoidhinishwa kabla ya mgao huo, na ukiambiwa faili haionekani, usitoe amana siku hiyo.